Pua ya Mkono Baridi

Jina la Mkono Baridi alipewa na mafundi wenzake, na mafundi si watu wa kugawa sifa ovyo. Mtaa mzima wa watengenezaji wa redio, televisheni na simu ulijua kwamba bodi ikipita kwake haitoki na jeraha. Wenzake walibabua, wakachoma, wakang'oa. Yeye aliweka pasi ya kulehemu, akaiondoa, na vile vibati vya shaba vinavyoshika miguu ya vifaa, vidogo kuliko punje ya mtama, vikabaki vimelala mahali pake kana kwamba hakuna moto uliopita. Ukimwuliza siri yake alikuonyesha kiganja, basi. Na kila mtu aliamini, hata mpwa wake, binti wa dada yake, aliyejifunza kazi ubavuni mwake tangu amalize shule, ambaye mtaa ulimwita Mashoto kwa sababu isiyohitaji kuelezwa.

Mtaa mzima ulikosea. Haukuwa mkono, ilikuwa pua.

Shaba ya bodi za zamani imebandikwa kwa gundi, na gundi ile ikizidiwa na moto hutoa harufu kabla haijaachia. Ni harufu kali ya kukera, kama ya kifungo cha shati kilichoangukia makaa, na haikai. Ukiivuta mara ya pili, kibati kimeshabanduka. Fundi wa kawaida hungoja macho yamwambie, na macho huchelewa. Mkono Baridi alikuwa ameinusa harufu hiyo miaka na miaka hata akasahau kwamba anainusa. Pua ikanusa, mkono ukainuka, sifa zote zikaenda kwa mkono. Hata ndani ya mwili wa mtu mmoja wapo wanaofanya kazi na wapo wanaopigiwa makofi.

Kisha akaugua. Homa ilimlaza majuma kadhaa katika nyumba aliyobaki nayo peke yake tangu mke wake afariki, na Mashoto akawa anampelekea supu asubuhi na kurudi dukani kulinda wateja wasihame. Homa ilipomwachia mzee aliamka amekonda, shati linamning'inia mabegani, lakini macho yalikuwa yale yale na vidole vile vile. Aliwanyooshea wenzake viganja waone wenyewe kwamba havitetemeki. Kile ambacho hakikurudi hakuna aliyekiona. Yeye mwenyewe alijiambia ni mafua yamekawia kuisha, na nani hukaa kitako akahesabu harufu alizozikosa tangu asubuhi?

Bodi ya kwanza kuumia ilikuwa ya redio ya mwalimu mmoja mstaafu. Mkono Baridi alikuwa anatoa kapasita iliyokufa, na alipouvuta mguu wake kibati kikaja nao, kimening'inia kwenye ncha kama gamba la samaki. Alikitazama kwa kioo cha kukuzia. Juma lililofuata vikang'oka vingine, safari hii kwenye mashine ya gemu ya mteja, tena mahali ambapo hata mwanafunzi angepapita salama. Mzee akairudisha pasi kwenye kishikio chake, akavua miwani.

"Mkono umekwisha," alisema.

"Ni uchovu tu, Mjomba. Juzi juzi ulikuwa kitandani."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, mpwa wangu. Tangu nianze kazi hii mpaka homa ile sikuwahi kumng'olea mtu kibati. Nikiharibu nyingine naweka pasi chini, nakuachia duka, naenda zangu nyumbani kukaa."

Kukaa. Neno lenyewe dogo, lakini lilimkata Mashoto maini. Aliijua nyumba ile. Pazia la chumbani lilikuwa halijafunguliwa tangu siku walipomtoa mkaza mjomba, na kitanda kilikuwa kimetandikwa upande mmoja tu. Mzee alikula dukani, alicheka dukani, hata usingizi wa mchana aliupata dukani, kichwa kimelalia kabati la vipuri. Nyumbani alikwenda kubadili shati. Ukimwambia mtu wa namna hiyo aende akakae nyumbani, umemwambia akafe taratibu.

Aligundua habari ya pua siku chache baadaye. Kitambaa cha kufutia kilikuwa kimegusa pasi na kikaanza kuungua karibu kabisa na kiwiko cha mzee. Moshi ukajaa, ukavuka ukuta wa mbao ukaingia kwa jirani, fundi cherehani mwenye ulimi mkali ambaye mtaa ulimwita Pima Mbili, na huyo akaanza kukohoa kwa makusudi ili asikike. Mkono Baridi aliendelea kukaza skrubu huku anaimba kimoyomoyo. Mashoto alikinyakua kitambaa, akakizima kwenye beseni, na mjomba wake akageuka kumwuliza kuna nini.

Hapo akaelewa yote kwa mara moja, na akafungua kinywa aseme. Kinywa kikafunga chenyewe. Angemwambia nini? Mkono uliochoka, mtu hujipa moyo kwamba utapumzika urudi. Pua iliyokufa huwezi kuipumzisha, wala huagizi nyingine kutoka popote. Angesema, mzee angeweka pasi chini siku ile ile, kisha lile pazia.

Badala yake alisema, "Mjomba, tugawane kazi. Wewe lehemu, mimi nitajaribu na kufunga."

Katika duka lile aliyelehemu ndiye aliyejaribu, na sheria hiyo aliiweka mzee mwenyewe ili mtu asije akamsingizia mwenzake. Siku nyingine angemcheka. Siku ile alimtazama kidogo, akasema sawa, na Mashoto akaona jinsi mabega yalivyoshuka. Mzee alikuwa anaogopa kujaribu.

Ndivyo uongo ulivyoanza, na kama uongo mwingi wa nyumbani, ulianza kwa huruma. Kila asubuhi Mashoto alifungua duka kabla mjomba wake hajafika, akazitoa bodi alizolehemu mzee jana yake, akazipitia kwa kioo. Palipong'oka kibati alisafisha kwanza mabaki ya gundi iliyoungua. Kisha alichukua ncha ya kisu, akakwangua rangi ya kijani juu ya njia ya shaba mpaka shaba ikang'aa, akaipaka risasi ya kulehemia kidogo. Alikata waya mwembamba kama unywele, akaulaza kutoka kwenye mguu wa kifaa mpaka kwenye shaba ile, akaushika kwa tone la gundi, akapima kwa mita ya umeme mpaka mita ikalia. Tena alijitahidi kuukunja waya kwa upande wa kulia, kama mzee anavyokunja, na kwa mtu wa mashoto hiyo ilikuwa kazi ya kuvunja kiuno. Ilibidi aigeuze bodi juu chini na kufanya kazi kwa kuvizia. Mjomba alipoingia, alikuta skrubu zimefungwa na redio inaimba.

"Ilikuwaje ile?" mzee alikuwa anauliza, huku anajifanya anatafuta kitu rafuni.

"Iliwaka mara moja tu, Mjomba."

Wa kwanza kumsuta alikuwa Pima Mbili. Alimfuata asubuhi moja, futi ya kupimia ikiwa shingoni, akasimama mlangoni akimtazama anavyokwangua.

"Mwanangu, hii kazi unaifanya mara ya ngapi?"

"Ipi, mama?"

"Usinifanye mtoto. Mbao hizi zina matundu. Mzee anashona, wewe unafumua unashona upya. Mwambie."

"Nikimwambia ataacha kazi."

"Na asipoambiwa atafanya nini?"

"Ataendelea kuishi," Mashoto alisema, na akajishangaa kwa jinsi lilivyotoka kwa ukali.

Pima Mbili alivuta pumzi, akaikunja futi yake. "Haya. Mimi nashona nguo za watu, siwashonei maisha. Lakini nguo ya kuazima huwa haijulikani itadaiwa lini." Akaenda zake.

Na kwa miezi ile ungemwona Mkono Baridi ungesema Mashoto ana haki. Wateja walishukuru, mwalimu mstaafu akaleta redio ya shemeji yake, na mzee akaanza kunyoa ndevu tena. Alirudia kula mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akarudia utani wake, akimwambia Pima Mbili kwamba suruali aliyomshonea ina miguu mitatu, na kumwambia Mashoto kwamba siku atakayoolewa bwana harusi atavishwa pete mkono usio wake. Siku moja alisimama katikati ya duka akanyoosha kiganja, akakigeuza huku na huku.

"Umerudi," alisema. "Nilidhani umekwisha, kumbe ulikwenda matembezi tu."

Mashoto alicheka naye. Alicheka huku roho inamsuta, lakini alicheka.

Ikafika Jumatatu mzee akaingia na kitu ndani ya foronya. Alikiweka mezani kwa mikono miwili, akakitoa polepole. Ilikuwa mashine ya gemu ya kizamani, ya plastiki ya kijivu iliyogeuka manjano, na Mashoto aliitambua kabla haijatoka yote.

Mkaza mjomba alipolazwa na maradhi yaliyomchukua, mume wake alikuwa ameleta mashine hiyo nyumbani aitengeneze aiuze. Haikuuzwa. Mgonjwa aliomba aijaribu, na ndani yake kulikuwa na mchezo wa kilimo, mtu analima, anapanda, anafuga. Mwanamke yule alikuwa hawezi tena kufika mlangoni, lakini kitandani pale alifungua shamba la kutisha. Mifugo ilipewa majina na yeye ndiye aliyeyachagua. Ng'ombe mnene asiyetoa maziwa alikuwa Wifi Mkubwa. Jogoo mwenye kelele alikuwa Pima Mbili. Kuku anayetaga nje ya kiota alikuwa Mashoto. Na punda, ambaye haendi mpaka asukumwe lakini akishaanza hasimami, huyo alikuwa Mkono Baridi. Ilikuwa kawaida mgonjwa kumwita mumewe kutoka chumbani, "Baba, njoo umwone mwenzio, leo kagoma kabisa," na mzee akaacha alichokuwa akikifanya akaenda kukaa ukingoni mwa kitanda.

Alipofariki, mahindi ya shamba lile yalikuwa yameiva, yanangoja kuvunwa. Mume wake hakuyavuna. Mchezo ulihifadhiwa ndani ya chipu ya kumbukumbu, na chipu ile ililishwa na betri ndogo iliyolehemewa kwenye bodi, betri inayojichaji mashine ikiwashwa. Kwa hiyo kila Jumapili mzee aliiwasha, akampitisha mkulima kwenye shamba kutoka zizi mpaka kisima, akasoma majina ya wanyama mmoja mmoja, akaizima. Hakugusa jembe. Aliogopa hata kufungua lango, asije punda akatoka.

"Betri imeanza kuvuja," alimwambia Mashoto, akiwa ameshaondoa mfuniko. Kweli, chumvi ya kijani ilikuwa imechanua kuizunguka na kuanza kutambaa juu ya bodi. "Jana shamba lilichelewa kuja. Nikingoja zaidi chumvi itaingia kwenye chipu. Leo naibadilisha."

Mashoto aliangalia vibati chini ya betri. Vilikuwa vimeliwa, vyeusi pembeni, vya kushikiliwa na dua. Kibati kizima mjomba wake alikuwa hawezi tena kukilehemu bila kukiunguza. Hivi vingestahimilije?

"Nipe mimi, Mjomba," alisema. "Wewe pumzika, nitaifanya vizuri."

"Najua ungeifanya vizuri." Mzee alikuwa anatabasamu, uso umelegea kwa namna ambayo Mashoto hakuwa ameiona tangu msiba. "Lakini hii si ya kumpa mtu. Mkono haujawa mzuri hivi tangu ujanani. Kazi hii nimemwekea yeye."

Angeweza kusema hapo. Duka lilikuwa tupu, mtaa umetulia, wala hakukuwa na mteja wa kusikia aibu ya mtu. Lakini ule uso ulimshinda, na akajitafutia kimbilio la kila siku: aking'oa kibati, kesho asubuhi nitakilazia waya. Hilo ndilo kosa lake, na ni kosa ambalo fundi peke yake angelifanya, kwa kuwa miezi yote ile alikuwa amezoea kwamba hakuna kinachoharibika ambacho asubuhi haikirekebishi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kumbukumbu ya shamba haiwezi kukosa umeme hata kwa kufumba na kufumbua, ikikosa, inafutika. Kwa hiyo kabla ya kuitoa betri ya zamani unaunganisha nyingine ya muda, kwa nyaya mbili, kwenye njia zile zile za shaba, ili moja ikitoka nyingine inalisha. Mkono Baridi aliifuta chumvi kwa kitambaa chenye siki. Akaunganisha nyaya za betri ya muda, akapima, akaridhika. Mashoto alimwambia azisogeze mbele kidogo, karibu na chipu, mbali na vibati vilivyoliwa.

"Hapa panatosha," mzee alisema. "Nitaingia na kutoka. Wewe nishikie bodi."

Alishika bodi kwa mikono miwili. Mzee akaweka pasi chini ya mguu wa kwanza wa betri, risasi ikayeyuka, mguu ukatoka. Safi. Akamtazama mpwa wake kwa fahari, akahamia mguu wa pili. Huu ulikuwa umeshikwa na chumvi na risasi haikutaka kuyeyuka. Akakandamiza, akangoja. Na Mashoto akainusa.

Ilimjia puani wazi kabisa, harufu ile ya kifungo makaani. Uso wa mjomba wake ulikuwa karibu na bodi kuliko wake, pua iko juu ya moshi, na haukubadilika. Neno moja lilitosha. Inua. Lakini mtu akishamwambia Mkono Baridi ainue pasi, amemwambia yote: kwamba hanusi, kwamba mkono haukurudi, kwamba mwalimu mstaafu anamshukuru mtu mwingine. Alisita kuchagua. Hakusita sana, pengine kama muda wa kumeza mate.

Mguu ukatoka, kibati kikatoka nao, na waya wa betri ya muda, uliolehemewa kwenye kibati hicho hicho, ukaruka pembeni ukabaki hewani.

Kisha mzee akaushika waya haraka, akaugusisha kwenye shaba kwa kidole, kana kwamba umeme nao ni mtoto aliyeteleza ambaye ukimdaka upesi hataumia. Wote wawili walijua kwamba ni bure. Hata hivyo walipeleka mashine kwenye televisheni ya majaribio, Mashoto akishikilia nyaya kwa vibanio, mzee akabonyeza swichi. Picha ikaja vizuri, rangi zote zipo. Mashine ikauliza mkulima mpya anaitwa nani.

Mkono Baridi aliitazama ile alama inayowaka na kuzima ikingoja jina. Mashoto alingoja apige meza, atukane, alie. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Uliinusa?"

Angeweza kuuliza kunusa nini. "Niliinusa, Mjomba."

"Mimi sikunusa kitu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kile kitambaa kilipoungua."

Mzee aligeuka, akatazama rafu ya kazi zilizokwisha, zile zilizokuwa zinangoja wenyewe. "Na hizi?"

Mzee aliinuka akateremsha redio ya shemeji wa mwalimu, akafungua skrubu moja moja kwa vidole vyake visivyotetemeka, akaweka kioo jichoni. Alikaa hivyo muda mrefu. Alifuata waya mwembamba kwa ncha ya bisibisi kutoka mwanzo wake mpaka mwisho.

"Umekunja kulia," alisema.

"Niligeuza bodi juu chini."

"Mgongo haukukuuma?"

"Uliuma."

Kitu kama kicheko kilimpita mzee puani, kikafa humo humo. Akairudisha bodi ndani ya redio. "Na mimi kila asubuhi namshukuru Mungu kwa ajili ya mkono huu. Nikiamka tu, kabla ya kuvaa viatu." Akarudisha skrubu ya kwanza. "Nilimwambia na yeye pia. Jumapili, pale shambani. Nilimwambia mkono umepona, nitakutengenezea mwenyewe."

Ndipo Mashoto alipolia. Alijaribu kuomba msamaha lakini maneno yaligongana njiani, na mzee akamnyamazisha kwa kumpigapiga begani, kama yeye ndiye aliyefiwa. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisogea kando ya kiti chake, kile chenye mto aliokishonea mkewe, akakishika mgongo kumwelekezea.

"Kaa. Mashine haiwezi kurudi nyumbani na kidonda."

"Mjomba, shamba halipo tena."

"Nimeona. Kaa utengeneze."

Akakaa. Mzee akaenda kwenye benchi la wateja, karibu na mlango, akaketi mikono imelala mapajani. Mashoto alizima televisheni, akairudisha bodi mezani, akafanya kazi kwa mkono wake wa kushoto, bila kuvizia, kwa mara ya kwanza tangu zamani. Aliondoa gundi nyeusi. Alikwangua rangi ya kijani mbali kidogo na kidonda, mahali ambapo chumvi ilikuwa haijafika, mpaka shaba ikatoka nyekundu na safi. Kwenye kipande cha bati jembamba la shaba alikata kibati kipya, akakipunguza pembe mpaka kikaenea mahali pa kile kilichong'oka, akakibandika, akakandamiza kikakauka. Kutoka hapo akalaza waya mpaka njiani, akaulehemu kwa mguso mmoja, akaupindisha kushoto kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kuupindisha kwingine. Akaweka betri mpya, akapima. Mita ikalia. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alitamani iwe mbovu, apate kuirudia mpaka jioni, asilazimike kuinua uso.

Pima Mbili alichungulia mlangoni, akafungua kinywa kwa utani wake wa kila siku. Alimwona mzee alipokaa. Akakifunga, akarudi kwenye cherehani, na cherehani ikakaa bila kulia kwa muda mrefu.

Mashoto akaiwasha mashine. Aliandika herufi yoyote ya kwanza iliyokuja ili lile swali liondoke, na uwanja ukatokea. Ardhi tupu ya kahawia, zizi bila mnyama, kisima. Mzee alikuja akasimama nyuma yake. Aliuangalia uwanja ule kutoka pembe moja hadi nyingine, kwa utaratibu, kama alivyozoea kutembea Jumapili, ila safari hii hapakuwa na jina la kusoma.

"Kazi safi," alisema. "Hata mimi nisingeifanya hivyo."

Alikusanya waya wa umeme, akauviringa, akaiingiza mashine ndani ya foronya na kuufunga mdomo wake fundo. Alitafuta miwani yake mezani, akaikuta, akaiweka mfukoni badala ya machoni. Alipofika mlangoni akageuka.

"Ungeniambia, mpwa wangu," alisema, "ningekupa wewe uifanye."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anavyomweleza mwenzake mahali hitilafu ilipoanzia, ili asiirudie, kisha akatoka na mzigo wake kwapani akielekea nyumbani. Mashoto alikuwa ameishi miezi ile yote na majibu tayari, ya siku atakayokamatwa: nilikuhurumia, niliogopa utakufa, nilitaka ucheke. Yote yalikuwa ya kweli. Alisimama kando ya kile kiti akayapitia moja moja, akitafuta la kumkimbilia nalo barabarani, na hakupata hata moja.